Ndege imetua alfajiri, mbona mama watoto hajafika?

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kuwaona. Umekwenda uwanja wa ndege kumsindikiza mtu wenu anayekwenda kusoma ng'ambo, mara watu wanaanza kupisha njia. Wanapita kina dada waliofunga vitambaa shingoni, nywele zimechanwa zikalala, na marubani wenye mistari ya dhahabu mabegani, kila mmoja akivuta sanduku lake jeusi. Hatua zao ni moja kama za askari wa gwaride. Watoto wanawanyoshea vidole. Nawe unajisemea moyoni kwamba hao ndio wanaokula maisha: leo London, kesho Dubai, kesho kutwa Guangzhou, na foleni hawaijui ni kitu gani.

Ni hapo pa foleni ninapotaka tuzungumze Jumapili ya leo, kwa sababu foleni hiyo usiyoiona iligusa nyumba moja ninayoijua vizuri, na ilibaki kidogo tu nyumba yenyewe ivunjike.

Dada yangu mkubwa ni mhudumu wa ndege. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minne katika shirika ambalo sitalitaja, na ni yeye aliyenilipia karo ya chuo cha uandishi wa habari, kwa hivyo ukiona ninampendelea utanisamehe. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili. Wana watoto wawili, wa darasa la tano na wa chekechea. Shemeji si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa kuwa wasomaji wetu wa kike wana haraka ya kutoa hukumu, na barua zao huja nyingi kuliko za wanaume.

Shida ilianza na simu. Siku hizi kuna programu za simu zinazoonyesha ndege zote zilizo angani, kila moja ikiwa kidude cha manjano kinachotambaa juu ya ramani ya dunia. Unabonyeza kidude chako, unaambiwa ndege imetoka wapi, inaenda kasi gani na itatua saa ngapi. Shemeji aliipenda sana programu hiyo. Mwanzoni ilikuwa raha ya nyumba nzima. Watoto waliamka wakamkuta baba yao sebuleni, wakarukia magotini pake na kuuliza, "Mama yuko wapi sasa?" naye akawaonyesha: yuko juu ya Bahari ya Arabu, amepita Mogadishu, huyo sasa anakuja.

Kisha kidude kikatua, na mwalimu wa hisabati akaanza hesabu. Ndege imegusa ardhi saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Kutoka uwanjani hadi nyumbani ni dakika arobaini kama barabara ni nyeupe. Mpe mtu nusu saa ya kushuka na kuchukua mizigo. Basi mama watoto anapaswa kubisha hodi saa moja na kitu, tuseme saa moja unusu akichelewa sana. Siku hiyo aliingia saa nne kasorobo. Simu yake ilikuwa imepigwa mara kumi na moja na haikujibiwa.

"Ulikuwa wapi?" shemeji akauliza.

"Uhamiaji," dada akajibu, akavua viatu na kwenda kulala.

Jibu hilo ndilo lililoleta balaa. Ebu jiulize mwenyewe. Uhamiaji wa nini? Huyu ni Mkenya anayerudi kwao Kenya, amevaa sare, ana kitambulisho cha kazi kifuani, na maafisa wanamwona kila wiki. Shemeji aliona anafanywa mtoto mdogo. Siku ya pili kama hiyo akanyamaza. Ya tatu akaanza kulala chumba cha watoto. Ilipofika mwezi wa pili, jina la rubani mmoja lilikuwa limeanza kutajwa katika nyumba ile, na mama mkwe akapigiwa simu.

Sasa niruhusu, msomaji, nikueleze kinachotokea kati ya magurudumu kugusa ardhi na mtu kubisha hodi kwake. Nimemhoji dada yangu na wenzake watano, nami nilistaajabu.

Ndege ikishaegeshwa, abiria hutoka kwanza. Wahudumu hubaki. Wanapita viti vyote kutazama kama kuna mtu aliyesahau mtoto, maana yametokea hayo, au mfuko. Makabati ya pombe na bidhaa za kuuza hufungwa kwa rakili na kuandikwa nambari kwa ajili ya watu wa forodha. Kama kuna mzee wa kiti cha magurudumu anayengoja gari la kumshusha, wahudumu hawawezi kumwacha peke yake. Gari likichelewa dakika arobaini, nao wamechelewa dakika arobaini. Ndipo wanapoanza safari ya kuelekea uhamiaji, na wakati huo abiria wao wenyewe wamekwisha jaza ukumbi, pamoja na wale wa ndege nyingine tatu. Ndege nyingi kutoka Ulaya, Asia na nchi za Ghuba hufika Nairobi alfajiri, kama matatu yanayofukuzana stendi.

Mkuu wa wahudumu hubeba karatasi moja muhimu, yenye majina ya wote walio kazini katika ndege hiyo, nambari zao za pasipoti na nchi zao. Karatasi hiyo ndiyo inayowatambulisha. Jina likikosewa herufi moja, au mhudumu aliyeugua dakika ya mwisho akabadilishwa na mwingine na karatasi isirekebishwe, kazi imeanza. Na hapa pana jambo ambalo sisi wa nje hatulijui: wahudumu ni kama shanga katika uzi mmoja. Gari la kampuni linalowapeleka hotelini au majumbani haliondoki mpaka wa mwisho awe ametoka. Mmoja akiambiwa "wewe kaa kando pale", watu kumi na wawili wamekaa kando.

Asubuhi ile ya kwanza, kulikuwa na wahudumu wa ndege nyingine mbili mbele yao katika dirisha lao. Wakapita. Wakafika kwa watu wa forodha, na mwenzao mmoja akafunguliwa sanduku. Hakuwa na kitu cha magendo. Alikuwa amenunulia ndugu zake nguo za harusi, na nguo za harusi zinazofanana, kumi na mbili, hazifanani na nguo za mtu mmoja. Afisa alitaka kujua kama ni biashara. Sina neno na afisa huyo, kwa kuwa wapo wahudumu duniani waliowahi kunaswa na dhahabu na mihadarati ndani ya masanduku kama hayo, na ndiyo sababu sare haimkingi mtu. Lakini hesabu ya shemeji haikuwa na nafasi ya nguo za harusi za mtu mwingine. Wala haikuwa na nafasi ya gari kuwashusha wengine watatu kwanza, katika mitaa mitatu tofauti, wakati ambao barabara imekwisha jaa magari ya watu wanaokwenda kazini.

Na simu? Ukumbi wa uhamiaji, katika viwanja vingi, una kibao chenye picha ya simu iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Hairuhusiwi kupiga wala kupokea. Abiria huiba iba. Mhudumu aliyevaa sare haibi, kwani jina la shirika liko kifuani pake na barua ya onyo huandikwa haraka. Kwa hiyo simu ya dada ilikuwa ikitetemeka ndani ya mkoba mara kumi na moja, naye akiisikia, huku akitazama mgongo wa rubani aliyekuwa mbele yake.

Huko ugenini mambo huwa makubwa zaidi. Katika nchi moja ya Afrika Magharibi, dada aliwahi kuulizwa na afisa, akikunja uso, mbona ameingia nchini humo mara tisa mwaka huo na kila mara anakaa usiku mmoja tu. Anasema alitaka kucheka akaogopa. Katika uwanja mwingine afisa alikusanya pasipoti za wahudumu wote, akaingia nazo mlango wa nyuma, akarudi baada ya saa moja na nusu akinukia samaki wa kukaanga. Walipomaliza, hoteli ilikuwa imekwisha funga jikoni.

La kusikitisha ni kwamba ulimwengu ulilifikiria jambo hili zamani. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio sheria mama ya usafiri wa anga, una viambatisho, na cha 9, kilichopitishwa mara ya kwanza mwaka 1949, kinahusu kurahisisha mambo viwanjani. Kinapendekeza nchi zijiwekee lengo la kuwamaliza abiria wa kawaida katika dakika 45 tangu washuke. Kinazungumzia pia cheti cha mhudumu wa ndege, ambacho anayekibeba anapaswa kuingia nchi kwa muda bila viza, mpaka safari yake inayofuata. Umesikia maneno matamu hayo? Lakini pendekezo ni pendekezo, na serikali inayotaka kufuata njia yake huifuata. Marekani, kwa mfano, huwataka wahudumu wa kigeni wawe na viza yao maalumu iitwayo C-1/D, na anayeingia kama mhudumu hupewa siku zisizozidi 29. Safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, nayo huchukua takriban saa 15 kwenda. Baada ya saa hizo zote, wahudumu bado wana dirisha la kusimamia, alama za vidole za kutoa na maswali ya kujibu, huku miguu imevimba ndani ya viatu.

Waweza kusema, si wanalipwa? Hapa ndipo nilipotoa macho. Katika mashirika mengi, malipo ya saa za safari huhesabiwa tangu ndege inapoondolewa vizuizi vya magurudumu mpaka inapoegeshwa na kuwekewa tena. Vizuizi vikishawekwa, saa imesimama. Mzee wa kiti cha magurudumu, karatasi ya majina, foleni, sanduku la nguo za harusi, yote hayo ni ya bure. Wenzao wa nchi nyingine wamechoka. Mwezi Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na kilio chao kikubwa kimoja kilikuwa hicho hicho cha kufanya kazi ya ardhini pasipo malipo. Serikali yao ikawaamuru warudi, wakakaidi, na mgomo ulipokwisha walikuwa wamepata ahadi ya kulipwa kwa sehemu ya kazi hiyo. Huko Marekani, shirika la Delta lilianza mwaka 2022 kuwalipa wahudumu nusu ya kiwango chao wakati abiria wanapopanda. Wanapopanda, nasema. Wakati wa kushuka na kupanga foleni, kimya.

Kuna na habari ya usingizi. Mwezi Oktoba 2022, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa kanuni kwamba mhudumu apate mapumziko ya saa 10 mfululizo kati ya kazi na kazi, badala ya 9 za zamani. Ulaya nako mhudumu aliye ugenini hupewa saa zisizopungua 10, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Ni vizuri. Lakini katika mashirika mengi kazi huhesabiwa kuwa imekwisha nusu saa hivi baada ya ndege kuegeshwa, hata kama mtu bado amesimama katika foleni. Ukitoa saa mbili za uhamiaji, ukatoa safari ya hoteli, ukatoa kuoga na kula, umebakiza nini?

Usidhani hilo ni la kwao pekee. Sisi tunawaona kama wamwaga chai, ilhali chai si kazi yao. Ndege ya abiria haipewi kibali cha kuruka mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutolewa ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Anayefungua milango hiyo na kukupigia kelele uache mkoba wako ni huyo huyo wa kitambaa shingoni. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watano kati ya sita waliokuwa katika ile ndogo walikufa. Katika ile kubwa kulikuwa na watu 379, na wote walitoka wakiwa hai kabla haijateketea. Kuanzia sasa, ukipanda ndege, mtazame anayekukaribisha mlangoni ujiulize jana alisimama foleni gani.

Wakati mwingine hata si suala la foleni, bali la dunia kubadilika wewe ukiwa angani. Mwezi Januari 2017, Rais Trump wa Marekani alipotia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba kuingia, shirika la Emirates la Dubai lililazimika kubadilisha mpango wake wa marubani na wahudumu wa ndege zinazokwenda Marekani. Tunao vijana wengi wa Kenya katika mashirika ya Ghuba, wanaofanya kazi bega kwa bega na watu wa mataifa yote, na wao hawakuwa na tatizo, lakini waliwaona wenzao wakitolewa katika orodha kwa sababu ya rangi ya pasipoti. Ukaja ugonjwa wa korona. Mwaka 2021 Hong Kong iliwalazimu wahudumu wanaoishi huko kukaa karantini ya siku 14 hotelini waliporudi kutoka safari za mbali. Siku kumi na nne, nyumbani kwako unapaona kwa dirisha! Ukilinganisha na hayo, saa tatu za dada yangu ni mchezo.

Na sisi hapa tuna kumbukumbu yetu. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013, ukumbi wa wasafiri wanaowasili katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta uliteketea, na dawati la uhamiaji likateketea nao. Ndege zilizokuwa njiani zilielekezwa Mombasa, Eldoret na nchi jirani, na siku zilizofuata wageni walipokewa ndani ya mahema. Dada alikuwa angali mgeni kazini. Husema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona maafisa wa uhamiaji wapole kama wale wa kwenye mahema. Walikuwa wanagonga mihuri wamesimama, vumbi limewajaa, wakiwaambia watu pole na karibu nyumbani. Ajabu ya binadamu.

Basi turudi nyumbani kwa dada. Mambo yalipozidi, wazee waliita kikao. Sisi ni watu wa Voi, na kwetu ndoa haivunjwi kwa simu. Baba Mkubwa alipanda treni akaja, ana miaka sabini na tisa na fimbo yake, na mimi nikaitwa kama ndugu wa tumbo moja. Tulikaa sebuleni Jumamosi mchana. Watoto walipelekwa kwa jirani.

Shemeji alieleza upande wake kwa heshima. Alikuwa na daftari. Naam, daftari la mistari, lenye tarehe, saa ya kutua, saa ya kufika nyumbani, na tofauti kati ya saa hizo mbili, limepigwa rula kama kazi ya mtihani. Safari kumi na tisa. Alilisoma lote. Mara sita tu ndipo mkewe alipofika ndani ya wakati ambao yeye aliuona ni wa haki.

Dada hakujitetea sana. Alisema, "Nimemwambia ni uhamiaji. Nikisema zaidi, nitaonekana natunga." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba shemeji akitaka aache kazi ataacha, ila mtu aseme wazi nani atalipa karo, na nani atalipa mkopo wa nyumba ile tuliyokuwa tumeketi ndani yake. Hakuna aliyejibu. Mshahara wa mwalimu tunaujua sote.

Baba Mkubwa aliomba aone daftari. Akalifungua, akalitazama muda mrefu, ingawa nina hakika miwani yake ilikuwa mfukoni. Halafu akauliza, "Mwalimu, wajua mimi nilifanya kazi gani?"

"Reli, Baba Mkubwa."

"Nilikuwa gadi. Gari la abiria, Mombasa na Nairobi, miaka ishirini na mitatu. Gari likiingia stesheni, abiria wanashuka, wanakumbatiwa, wanakwenda zao. Mimi bado. Nina vitabu vya kukabidhi, nina taa, nina bendera, nina vifurushi vya watu vya kuhesabu, na stesheni masta hajaamka. Mama yenu alikuwa akisikia honi ya gari kule nyumbani, anaweka maji ya kuoga jikoni. Maji yanachemka, yanapoa. Anayachemsha tena. Miaka ya kwanza tuligombana sana, nawaambia kweli. Alisema nina mwanamke hapo stesheni."

"Ukafanyaje?" nikauliza.

"Mimi sikufanya kitu. Siku moja alikuja mwenyewe na kuni zake kichwani, akakaa pale chini ya mwarobaini akanitazama kazi yangu mpaka nikamaliza. Akarudi nyumbani bila kusema neno. Tangu siku hiyo, akisikia honi hawashi moto. Anangoja kusikia mbwa wa jirani."

Tulicheka, hata dada alicheka. Shemeji hakucheka. Alichukua daftari lake akalifunga. Kikao kiliisha kwa chai na hakuna lililoamuliwa, na mimi niliondoka nikidhani tumepoteza nauli ya mzee bure.

Wiki tatu baadaye shemeji alinipigia kunisimulia. Dada alikuwa anarudi kutoka Asia. Alfajiri aliwaamsha watoto mapema, akamwachia yaya, akaenda uwanjani bila kumwambia mtu. Alisimama karibu na mlango wanaotokea wahudumu, simu mkononi. Kidude cha manjano kilitua saa kumi na mbili na dakika tano. Saa moja kasorobo akaanza kuona abiria wa ndege ile wakitoka, aliwajua kwa vibandiko vya mizigo. Saa moja unusu bado wanatoka. Alinunua chai ambayo, kwa maneno yake, kikombe kimoja kingenunua chupa nzima kantini ya walimu. Wahudumu wa ndege nyingine wakatoka, akawahesabu, si wao. Saa mbili na nusu askari akaja kumuuliza anangoja nani. Akasema anamngoja mke wake.

"Ndege gani?"

Akataja.

"Hao bado wako ndani," askari akamwambia. "Leo kuna foleni. Wewe ni mgeni hapa, eh?"

Walitoka saa tatu kasoro dakika kumi, kumi na wawili, wakivuta masanduku. Anasema hakumtambua mkewe mara moja. Alikuwa wa mwisho kutoka nyuma, anatembea kwa upande wa nje wa nyayo zake kama mtu aliyekanyaga mwiba, na kitambaa cha shingoni alikuwa amekifungua akakishika mkononi. Alipomwona shemeji pale ukutani alisimama ghafla, rangi ikamtoka usoni.

"Watoto umewaacha na nani?" akauliza.